Tepu imetoka, na nyuzi zimetoka nayo: uzoefu wangu na karakana ya EDM

Nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini aliyenisaidia kushusha bamba.

Kazi yenyewe ndogo. Tepu ya M8, yaani kifaa cha kukatia nyuzi za boliti ya milimita 8, ilikatikia kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, kina milimita 20, katika bamba la moldi la chuma cha P20. Tundu la namna hiyo chenga za chuma hazina pa kutokea. Usipoirudisha tepu nyuma mara kwa mara, zinabana na tepu inakatika. Hapo EDM, mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme, ndiyo dawa, sibishi. Tepu ya HSS (chuma kigumu cha vifaa vya kukatia) haitoboki kwa biti ya HSS, na P20 inayoizunguka ni laini kuliko yenyewe. Ukilazimisha drili, biti inateleza juu ya tepu na kwenda kula bamba. Cheche hazijali ugumu, mradi chuma kipitishe umeme.

Kwa hiyo mashine haikukosea. Kilichoniponza ni elektrodi, ile fimbo inayorusha cheche.

Niliuliza dirishani watatumia elektrodi ya ngapi. Kijana hakuinua hata macho kwenye simu: "Mzee, wewe ni mteja au fundi?" Nikarudia swali. "Sita nukta nane. Si ndiyo saizi ya biti ya M8?"

Ndiyo saizi ya biti ya kutobolea kabla ya kukata nyuzi! Lakini elektrodi si biti. Cheche huruka nje ya elektrodi na kula mwanya pande zote, na mkondo ukiwa mkubwa ili kazi iishe haraka, mwanya unaweza kufika milimita 0.15 kila upande. Kwa hiyo 6.8 inatoa tundu la 7.1, na hapo umeshakwangua vilele vya nyuzi. Tena walitumia fimbo nzima ya kopa, isiyo na tundu la kupitishia mafuta. Masizi na chembe zikatuama chini, cheche zikawa zinarukia uchafu na kupiga ukuta wa tundu, mdomo ukapanuka kama tarumbeta. Boliti iliingia kwa kidole mpaka mwisho. Kwa kidole!

Tepu haichomwi yote, inachomwa moyo wake tu. Kwa M8 chukua bomba la kopa la milimita 5, mafuta yasukumwe kupitia katikati yake, mkondo uwe mdogo, na elektrodi iwekwe katikati ya tepu yenyewe, maana tepu iliyokatika mara nyingi imelala upande. Moyo ukiisha, meno yanabaki vipande vitatu au vinne visivyoshikana. Unavichokonoa kwa ncha ya chuma na sumaku. Bomba likiacha kijiti chembamba katikati, kinavunjwa kirahisi. Nyuzi hazijaguswa hata kidogo.

Meneja alipoitwa alisema sentensi moja: "Tepu si imetoka?"

Nikamwonyesha ukuta wa tundu. Chuma kilichoyeyuka kwa cheche na kupoa ghafla ndani ya mafuta huacha ngozi nyembamba, ngumu, yenye nyufa ndogo. Akapendekeza nipitishe tepu nyingine nisafishe nyuzi. Kwenye ngozi ile! Hiyo ni kukata tepu ya pili. Dawa niliyotumia ni kupanua tundu kwa biti ya kabaidi hadi 8.3, ngozi yote ikaondoka, kisha tepu maalumu ya koili na koili ya M8 ndani, yaani waya uliosokotwa unaokuwa nyuzi mpya. Inashika vizuri, pengine kuliko uzi wa awali, ila gharama ni yangu.

Na si kila kazi inastahili bei yao. Boliti ya daraja la 8.8 iliyokatika, ambayo si ngumu kama tepu, usiipeleke EDM. Choma nati juu yake kwa weldingi uizungushe, au toboa kwa biti inayokata ikizunguka kushoto. Tepu ya kabaidi nayo ni rahisi kuvunjika, mara nyingi inapasuka kwa panchi na nyundo. EDM ni ya tepu ya HSS ndani ya kitu ambacho huwezi kukitengeneza upya.

Sasa linaloniudhi zaidi: karakana hiyohiyo walinikatia panchi na dai (kitobozi na tundu lake) za chuma cha D2 kwa mashine ya waya, EDM inayokata kwa waya badala ya fimbo, chuma kikiwa kimeshatiwa ugumu, tundu la kuanzia waya limetobolewa kabla. Waya wa milimita 0.25, wakarudia mikato miwili ya kusafisha, panchi ikaingia kwenye dai na mwanya sawa pande zote. Kazi safi kabisa. Basi, nyota tatu. Hapana, mbili: yule kijana wa dirishani bado yupo.

Kwa waya nitarudi. Kwa tepu, nitakwenda na bomba langu la milimita 5 mfukoni, saizi imeandikwa kwa maka juu ya bamba, na wakitaja 6.8 tena napakia bamba naondoka.