Taa ya mwanga ya asubuhi: miezi miwili nayo hapa Umeå

Huu ni mwaka wangu wa sita Umeå, kaskazini mwa Sweden. Kwetu Tanga jua huchomoza saa kumi na mbili na kitu, iwe Juni, iwe Desemba. Hapa katikati ya Desemba linatoka saa tatu na ushee, na saa nane haijagonga limeshazama. Ninahudumia wazee, naingia kazini giza, natoka giza.

Kilichokuwa kinanipata si majonzi ya kulia. Ni gubu. Nilikuwa nahesabu nani kaacha kikombe bila kukiosha, nani hakuitikia salamu kwenye lifti. Majira ya baridi yaliyopita wifi yangu alinipigia anipe habari za harusi ya mwanawe, nikamjibu kwa ukali. Akasema taratibu, "Haya wifi, pumzika," akakata. Maneno yale yalinikaa kooni hadi Aprili.

Nesi mmoja ndiye aliyenieleza kwamba kuna sonona inayokuja na majira, na kwamba mwanga mkali wa asubuhi huwasaidia wengi. Aliyeipa jina ni daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani akajiona mwenyewe ananywea kila baridi ikiingia. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaiandikia. Kumbe ni mtoto wa jua kama mimi! Aibu ilinitoka. Hata mji huu unalijua tatizo: mwaka 2012 taa za namna hii ziliwekwa kwenye vituo vya basi.

Taa ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilikuwa hasara. Boksi liliandikwa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), lakini kwa herufi ndogo chini: ukiwa umbali wa sentimita 15. Nani atakunywa chai na taa imemgusa pua? Mwanga hupungua haraka ukisogea nyuma, kwa hiyo kabla hujalipa angalia luksi ni ngapi na kwa umbali gani. Muuzaji hakurudisha pesa.

Hii ya pili ni pana kama daftari kubwa lililofunguliwa, inatoa luksi 10,000 kwa sentimita 30, na ina kichujio cha miale ya urujuanimno. Nimelipa krona 1,200. Naiweka mezani jikoni, upande wa kushoto, imeinama kidogo. Siikodolei macho. Nawasha saa kumi na mbili asubuhi, nakaa nusu saa na chai yangu ya tangawizi. Siku ya kwanza nilishangaa kuona mvuke wa chai, kila uzi wake, na kivuli cha kikombe kimelala kwenye kitambaa cha meza. Tangu Oktoba sikuwa nimeona kivuli kilichokolea namna ile ndani ya nyumba.

Siku tatu za mwanzo kichwa kiliuma. Nikairudisha nyuma kidogo, kikatulia. Siku moja niliwasha jioni, usingizi ukanikimbia hadi saa nane usiku, sikurudia tena. Mwenye ugonjwa wa macho, au hali ya kupanda na kushuka kwa hisia, aongee na daktari kwanza. Nami bado natembea nje mchana hata kwa dakika kumi, maana taa haikuletei upepo.

Kama siku ya tisa hivi niliamka kabla ya kengele. Upweke haukuondoka, nawakumbuka wangu vilevile. Lakini ile hesabu ya vikombe ilikoma. Jumapili nikampigia wifi, nikamwomba radhi, nikamwambia anisimulie harusi upya tangu kesha la mkole. Alisimulia saa nzima na nusu, mpaka rangi ya kanga za sare.

Nampa muuzaji wa taa hii ya pili nyota nne. Waya ni mfupi mno, imebidi nihamishe meza, na kiguu cha nyuma kinalegea ukikiinamisha sana.