Inchi 6.9 mkono mmoja: uzoefu wangu na Mi Max 3

Siku ya kwanza Mama kuiona aliuliza, "Mwanangu, hiyo simu au kioo cha kabati?" Nilikuwa nimeiweka sikioni naongea na mtu, na kwa pale alipokaa nusu ya uso wangu ilikuwa imefichwa. Nilicheka tu nikaendelea na maongezi. Lakini ndivyo ilivyo na Mi Max 3, huwezi kuitumia kimyakimya. Kila anayekuona nayo ana lake la kusema.

Niliinunua mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya kampuni ya Xiaomi kuitoa, kwa sababu moja tu. Mimi ni mhariri. Watu hunitumia miswada, mingi ikiwa PDF ya kurasa za A4, na mara nyingi hunikuta njiani. Nilikuwa natembea na vitu viwili: simu ya inchi 5.5 mfukoni na tableti ya inchi 7 ndani ya begi. Tableti sikuwa na ugomvi nayo, ila siku unayoihitaji ndiyo siku haina chaji, au umeiacha mezani ulikotoka. Simu mtu hafiki nusu ya safari bila kuikumbuka. Tableti unaikumbuka jioni. Nikataka kitu kimoja kifanye kazi ya viwili.

Kiswahili kimeipa tableti jina zuri, kishikwambi. Hiki cha katikati ya simu na tableti nacho kiliwahi kuitwa fableti, jina ambalo sikulipenda hata siku moja na ambalo sasa halisikiki, maana simu zote zimekuwa kubwa. Mimi yangu nilikuwa naiita popo. Ndege hawamtaki kwa kuwa ana meno, wanyama hawamtaki kwa kuwa ana mbawa.

Tusisahau kwamba ukubwa huu ulichekwa. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple alisema hakuna atakayenunua simu usiyoweza kuizungushia mkono. Mwaka uliofuata Samsung wakaja na Galaxy Note, inchi 5.3 na kalamu yake, watu wakaiita dude. Mwaka 2014 kampuni ya Jobs mwenyewe ikatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Hadi Mi Max 3 inatoka, Julai 2018, kioo kilikuwa kimefika 6.9, na betri ya mAh 5500 nyuma yake. Mi Max ya nne haikuja.

Sasa nieleze kwa nini nilianza kutembea na rula.

Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona. Kivute kioo kiwe kirefu na chembamba, mshazari unaweza kubaki uleule huku nafasi ya kusomea ikipungua. Tableti yangu ya zamani ilikuwa inchi 7 kwa umbo la 16 kwa 10. Mi Max 3 ni inchi 6.9 kwa umbo la 18 kwa 9. Kwenye boksi tofauti yao ni inchi 0.1, kitu cha kupuuza. Nikaweka rula: kioo cha tableti kina upana wa milimita 94, cha Mi Max milimita 78. Sentimita moja na nusu na ushee imepotea, na inchi hazijasema neno.

Kwa msomaji wa PDF sentimita hiyo ni kila kitu. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ukiuingiza wote kwenye milimita 78, herufi ya pointi 12 inashuka hadi kama pointi 4.5, nayo hiyo unaiona kama mstari wa sisimizi. Simu yangu ya kwanza ilikuwa inaishusha chini ya pointi 4. Kwa hiyo ukiisimamisha Mi Max, kwenye A4 hujapata nafuu ya maana. Wiki ya kwanza nilidhani nimejiingiza mkenge.

Ukombozi ulikuja nilipoilaza. Ikilala, upana wa kioo unakuwa milimita 157, na ile pointi 12 inakuwa pointi 9 hivi, ukubwa ambao macho yangu yanausoma kutwa bila kulalamika. Kisha nikagundua kwamba programu ninayosomea inakata pambizo. Mswada wa kawaida una pambizo za sentimita mbili na nusu kila upande. Ukizikata, kinachobaki ni milimita 160 za maandishi, na kioo kina 157. Yaani herufi zinakuja karibu na ukubwa wake zilivyo kwenye karatasi. Siku hiyo nilisahihisha sura mbili nzima nikiwa nimekaa kwenye foleni, na nikaona nukta mkato iliyowekwa mahali pa nukta pacha, kosa ambalo kwenye simu ya zamani lingenipita mchana kweupe. Gharama yake ni kwamba ikilala hivyo unaona robo tu ya ukurasa kwa mara moja, au theluthi ukiacha pambizo zilivyo, kwa hiyo kidole hakipumziki. Jedwali refu usijaribu.

Kuna jambo jingine lililonichukua miezi kulijua, na naliandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye simu kubwa ya Android, ya kampuni yoyote. Niliponunua nilitarajia kuona vitu vingi zaidi kwenye kioo. Sikuviona. Niliona vitu vilevile, vimenenepa. Orodha ya barua pepe iliyokuwa na barua saba iliendelea kuwa na barua saba, kila moja imenona.

Sababu ni hii. Android haihesabu inchi zako. Ina kipimo chake, dp, ambapo kwa makisio dp 160 ni inchi moja, na programu nyingi huuliza swali moja tu: upande mfupi wa kioo una dp ngapi? Ukifika 600, programu inajipanga kitableti. Chini ya hapo wewe ni simu, hata kama unabeba mlango. Mi Max yangu ilikuja imepangwa dp 392, sawa na simu nyingine yoyote. Kwa hiyo mpaka wa simu na tableti, huu tunaobishania miaka yote, ndani ya mashine ni namba tu, na mwenye simu anaweza kuibadilisha.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikagonga mara saba pale penye toleo la programu hadi chaguo za wasanidi programu zikafunguka, nikatafuta upana mdogo zaidi, nikaandika 600. Kioo kilimezwa na giza kidogo, kikarudi. Nilipoilaza, barua pepe zikajigawa: orodha kushoto, barua yenyewe kulia. Nilikaa nikiitazama kama mtoto aliyepewa ufunguo wa gari. Dakika kumi baadaye macho yakaanza kuuma. Kumbe dp 600 kwenye milimita 94 za tableti ni jambo moja, na dp 600 kwenye milimita 78 ni jambo jingine. Kila kitu kilikuwa kimesinyaa, na kidole gumba kikawa kinagonga kitufe cha jirani. Nikajibu barua ya mtu kwa kuifuta. Baada ya kujaribujaribu nikatulia kwenye 480. Huko situmii tableti wala simu, ila orodha ya barua imepanda hadi tisa na herufi bado zina heshima zake.

Mkono nao una kesi yake. Simu ina upana wa milimita 87.4, urefu wa milimita 176 na uzito wa gramu 221. Namba hizi zinasomeka vizuri tu hadi jioni ya tatu, pale kidole chako cha mwisho, hiki kidogo kinachobeba simu kwa chini, kinapoanza kufanya bonde. Kuandika kwa mkono mmoja sahau. Kufikia juu kabisa kuvuta arifa lazima uipandishe simu kiganjani kwa kuirusharusha, na kila ukirusha unakuwa umecheza kamari. Programu yake ina njia ya kukisaidia kidole: unateleza kwenye vitufe vya chini, kioo kinajikunja kwenye kona hadi kama inchi 4. Niliitumia mara mbili nikaona aibu. Umenunua shamba halafu unalima kona?

Nikabandika pete nyuma. Pete inasaidia kweli, ila simu hailali tena sawa juu ya meza, inayumba kila ukigusa pembeni. Nikaibandua, nikaibandika tena. Miaka yote hiyo sijaamua.

Halafu kuna kulala. Sote tunasoma chali kitandani, tuache unafiki. Simu ya kawaida ikikudondokea usoni unajikuna pua yanaisha. Hii ilinidondokea usiku mmoja nikisoma utangulizi wa mswada mrefu kuliko ulivyostahili, ikaja kwa ukingo, mdomo wa juu ukavimba. Asubuhi kwenye kikao niliulizwa nimegombana na nani. Nikasema na mwandishi, na sikuwa nimedanganya sana.

Ya kudondoka ndiyo yaliyonigharimu. Mwaka wa pili iliniponyoka mkononi nikifungua mlango, ikatua kwa kona, kioo kikapasuka kuanzia juu hadi katikati. Fundi niliyempelekea aliitazama, akapima kwa macho, akasema kioo cha namna hii hana ila kitakuja wiki hiyohiyo. Kilikuja baada ya wiki tatu. Na hii ni tabu ambayo sikuifikiria wakati wa kununua: simu yenye umbo la peke yake haina ndugu. Kava hulipati kirahisi. Protekta nilizowekewa mbili za kwanza zilikuwa za simu nyingine, zikaacha ukanda wazi pembeni, na vumbi likahamia hapo na familia yake.

Betri sina maneno mengi: siku mbili za matumizi yangu, miaka miwili ya kwanza. Kamera sikuinunulia. Spika mbili zinatosha kusikilizia mahojiano bila kuchomeka kitu sikioni, na tundu la spika za masikioni lipo kwa anayelitaka.

Mwaka 2024 jamaa yangu mmoja alikuja na iPhone 16 Pro Max, akaniambia kwa furaha, "Sasa tuko sawa, yangu nayo 6.9." Nikamwomba aiweke mezani. Nikalaza yangu chini, yake juu. Yangu ilichungulia pande zote kama shati lisilochomekewa. Yake ina upana wa milimita 77.6, karibu sentimita nzima pungufu, na ni fupi kwa milimita 13. Uzito ni gramu 227, yaani imeizidi yangu. Tofauti yote ya urefu, na karibu nusu ya ile ya upana, ni ule ukingo mweusi unaozunguka kioo, ambao siku hizi umekonda sana. Vioo vyenyewe vinapishana milimita 5 tu kwa upana. Jamaa aliigeuza yake kiganjani, kidole gumba kikavuka hadi upande wa pili. Nikaona wivu kidogo, nakiri. Kisha nikamfungulia mswada wa A4 kwenye zote mbili zikiwa zimelala, akanyamaza.

Ukiniuliza kama simu zinazokunjwa zimemaliza ubishi huu, jibu langu ni kwamba kwa umbo zimeelewa tatizo: Galaxy Fold ya kwanza ya mwaka 2019 ilifunguka ikawa inchi 7.3 zenye upana wa kweli, siyo urefu uliovutwa. Mimi sijawahi kukaa na moja kwa muda wa kutosha kuihukumu, basi naishia hapo. Ila unayekwenda kununua simu kubwa ya kawaida, usikariri inchi. Beba rula au kata karatasi ya upana wa simu unayoitaka, uikunje kwenye kiganja, uone kidole gumba kinaishia wapi.

Yangu ilianza kuchoka mwaka wa tano. Chaji ikawa inafika alasiri kwa kubembelezwa. Nikanunua simu nyembamba ya kutembelea, nikaichomoa laini kwenye Mi Max, nikatangaza nyumbani kwamba kuanzia leo hii ni kishikwambi rasmi, kazi yake kusoma, makazi yake mezani. Ndiyo, nilirudi kwenye vitu viwili. Nimeshasemwa.

Nilichosahau ni Mama. Miaka yote akija kukaa nasi alikuwa akiiomba asomee jumbe za ndugu, kwa sababu kwenye simu yake alilazimika kutafuta miwani, na miwani ilikuwa haikai mahali pamoja. Kwenye hii nilimwongezea herufi hadi ujumbe mmoja ukajaza nusu ya kioo, akasoma mwenyewe, mkono wake ukiwa umeinyoosha mbali kama anayesoma tangazo ukutani. Wiki ya pili ya ukishikwambi wake, nikiwa nasoma mezani, ikaita mikononi mwangu. Jina lililotokea lilikuwa la shangazi, na mimi laini yangu nilikuwa nimeitoa.

"Lete hapa," Mama akasema. "Nimeweka ya kwangu." Akaipokea kwa mikono miwili, akaipandisha sikioni, nusu ya uso ikapotea.