Mapitio: kuripoti hitilafu za Go, kuanzia `go bug` hadi marekebisho

Go, lugha ya kuandikia programu, ina amri ambayo wengi wanaoandika lugha hii kila siku hawajawahi kuigusa: `go bug`. Ilikuja na toleo la 1.8, mwaka 2017. Ukiiendesha, kivinjari kinafunguka kwenye fomu ya GitHub, tovuti ambako ripoti za Go hupokelewa, na toleo la Go pamoja na matokeo ya `go env`, yaani mipangilio ya Go kwenye kompyuta yako, vimeshajazwa. Kwa urahisi, hapo wamepatia. Ila kabla hujatuma, pitia matokeo hayo mstari kwa mstari. Mpangilio wa GOPRIVATE hutaja hazina za msimbo za ndani za kampuni, na GOPROXY, anwani ambako Go hupakulia moduli, kwa baadhi ya ofisi hubeba nywila ndani ya anwani yenyewe. Ukurasa ule ni wa wazi, na taarifa ikishatoka kwa barua pepe kwa wanaoufuatilia, kufuta hakusaidii tena.

Amri hiyo iendeshwe ndani ya folda ya mradi. Tangu 1.21, faili ya `go.mod`, inayotaja toleo la Go na moduli ambazo mradi unahitaji, inaweza kuifanya Go ipakue na kutumia toleo jingine kabisa na lile ulilosakinisha. Kwa hiyo `go version` ya nje ya folda na ya ndani zinaweza kutofautiana, na ripoti yenye toleo lisilo sahihi huwazungusha watu bure.

Kichwa cha ripoti kina desturi yake: jina la pakiti, nukta pacha, kisha tatizo lenyewe kwa maneno machache. `net/http:` kama ni seva, `cmd/go:` kama ni zana ya kujengea. Wenye pakiti huangalia hapo kwanza. Namba za ripoti zimeshavuka 70,000, kwa hiyo kichwa cha “Go haifanyi kazi” hakimfikii anayehusika.

Sehemu ngumu ni mfano mdogo unaoonyesha kosa, na hapo ndipo ripoti nyingi hufia. Chukua hii: `time.LoadLocation("Africa/Dar_es_Salaam")`, inayosoma majira ya saa ya eneo, inakubali vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi, lakini ndani ya kontena tupu ya `scratch`, isiyo na faili zozote za mfumo, inarudisha `unknown time zone Africa/Dar_es_Salaam`. Inaonekana hitilafu ya maktaba. Siyo. Go hutafuta data za saa kwenye mfumo, kama `/usr/share/zoneinfo`, na ikikosa hugeukia `lib/time/zoneinfo.zip` ndani ya folda ilikosakinishwa. Kontena tupu haina hata moja. Windows ya mteja asiye na Go nayo ni hivyo hivyo. Dawa ipo tangu 1.15: ongeza `import _ "time/tzdata"`, na programu itanenepa kwa takriban KB 450. Aliyeupunguza mfano wake hadi mistari kumi na kuujaribu sehemu mbili tofauti angeliona hilo mwenyewe kabla ya kufungua fomu.

Kwa zana za kujengea, jaribu `go clean -cache` kwanza, kisha `go build -x`, inayochapisha kila amri inayoendeshwa nyuma ya pazia. Bandika sehemu iliyovunjika kama maandishi. Picha ya skrini haitafutiki na hakuna anayeweza kunakili kutoka humo.

Halafu jaribu na Go ya leo leo, yaani ile ambayo bado inatengenezwa: `go install golang.org/dl/gotip@latest`, ikifuatiwa na `gotip download`. Inavuta msimbo chanzo wote na kuujenga, kwa hiyo usiifanye kwa kifurushi cha data cha siku moja. Kosa likitoweka humo, limeshatibiwa tayari.

Baada ya kutuma, huduma inabadilika sura. Lebo ya NeedsInvestigation ina maana limepokelewa lakini chanzo hakijajulikana. NeedsFix ina maana njia inajulikana, bado mikono tu. Ya kuogopa ni WaitingForInfo. Umeulizwa swali, na usipojibu ndani ya mwezi mmoja roboti Gopherbot anaifunga ripoti bila huruma. Ni ukali kidogo kwa mtu aliye safarini, ingawa foleni ile bila hivyo isingesogea.

Matoleo makuu hutoka Februari na Agosti, na mawili ya mwisho pekee ndiyo hupata marekebisho. Ukiripoti kosa la toleo la zamani zaidi, utaambiwa upandishe kwanza. Kama kosa ni zito na halina njia ya kulikwepa, unaweza kuomba lirekebishwe pia kwenye matoleo hayo mawili kwa kumwandikia @gopherbot maneno “please backport” ndani ya ripoti ileile.

Hitilafu za usalama zina mlango wake, barua pepe ya security@golang.org. Hizo usizipitishe kwenye `go bug`, kwa sababu fomu ile inamwonyesha kila mtu tundu kabla halijazibwa.