Nilitaka kuskani tu, printa ikadai wino wa njano

Kuskani hakutumii wino. Narudia kwa faida ya aliyeibuni printa yangu, popote alipo: kuskani hakutumii wino hata tone. Taa inapita chini ya kioo, picha inaingia kwenye kompyuta, basi. Sasa anieleze kwa nini usiku wa kuamkia tarehe 20, nikiwa na risiti 143 za mteja mezani, mashine yangu iliniwashia taa ya machungwa na kuniandikia kwamba katriji ya njano imeisha, kwa hiyo haifanyi kazi mpaka niinunulie nyingine. Haichapi, haitoi kopi, haiskani.

Nyeusi ilikuwepo. Bluu ilikuwepo. Pinki nusu. Na mimi sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilichapa kitu cha njano.

Nafanya uhasibu nyumbani, Tabata, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni. Wateja wangu ni watu wa maduka: vifaa vya ujenzi, saluni mbili, mama mmoja anayepeleka chakula cha mchana maofisini. Anayeifanya kazi hii anaijua risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi dukani. Ile karatasi haichapwi kwa wino, inachapwa kwa joto, na jua na joto ndivyo vinavyoiua. Mteja akiisahau kwenye dashibodi ya gari wiki chache, anakuletea kikaratasi cheupe kama sanda. Na kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Kwa hiyo kwangu mimi skana ndiyo yenyewe, kuchapa ni nyongeza. Wengine wananunua printa wakipata na skana. Mimi nanunua skana, nikipata na printa namshukuru Mungu.

Mtaniambia si ungepiga picha kwa simu. Nilipiga. Risiti ndefu zinajikunja kama kaukau, kivuli cha mkono wangu kinaangukia palepale kwenye jumla, na ikifika ya 30 hujui ipi umeshapiga. Saa 7 usiku nikaacha. Nikachukua gundi, nikazibandika kwenye karatasi za A4, sita sita, karatasi 24. Asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza kwenye stesheneri ya mtaani. Shilingi 500 kwa karatasi, 12,000 jumla, nusu saa, kwisha. Kijana wa stesheneri alikuwa na mashine kuukuu imefungwa rababendi ubavuni. Iliskani zote 24 bila kuuliza habari za njano.

Hapo hasira ilikuwa bado ndogo. Hasira yenyewe ilinikuta Kariakoo.

Nilirudi kwenye duka nililoinunulia. Jina silitaji, mtu asije akasema natafuta kesi. Nilikuwa na printa yangu kwenye mfuko wa sandarusi, nimeibeba kwenye bajaji kama mgonjwa. Nyuma ya kaunta kijana, simu mkononi. Nina miaka 51. Shikamoo sikupewa.

"Mdogo wangu, hii printa nimeichukua kwenu. Imegoma kuskani."

"Wino upo?"

"Njano imeisha."

"Sasa si uweke njano."

"Kuskani kunatumia njano?"

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga maboksi, akasema kwa sauti ya mimi kusikia: "Huyu mama amekuja kutafuta wino au amekuja kutafuta ugomvi?" Wakacheka. Mwenzake hata hakugeuka, alicheka akiwa ndani ya boksi.

Nikamuuliza je, naweza kuirudisha. Akanionyesha kwa kidole ukutani, bila kusema neno: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Karatasi yenyewe imechapwa kwa rangi, ina fremu ya njano. Wino wanao wa kuchezea.

Halafu akaleta katriji, akaiweka kaunta kama mtu anayemwekea mtoto pipi. "48. Bila risiti, 41."

Aliniambia mimi! Nikagawanya 48,000 kichwani kwa 1.18 palepale, kuitoa VAT ya asilimia 18, ikaja 40,700 kasoro, nikaona kumbe ananipunguzia VAT tu, na shilingi mia tatu na ushee anajiwekea mwenyewe kwa taabu ya kuvunja sheria. Natoka kubandika risiti usiku kucha, mtu ananiuliza kama naitaka risiti. Nikaubeba mfuko wangu nikatoka. Nikiwa kwenye daladala nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza: nyeusi 52,000, rangi tatu kila moja 48,000, jumla 196,000. Printa nzima, na katriji zake nne ndani, niliinunua 185,000. Miye mhasibu. Watu wananilipa niwaangalizie hesabu.

Nikaanza kutafuta nyingine. Kasi, kurasa ngapi kwa dakika, sijui ubora wa picha, hayo yameandikwa kwenye maboksi, kasome mwenyewe. Mimi nilikuwa na swali moja nililoingia nalo kila duka: wino ukiisha, inaskani? Hamtaamini wauzaji wangapi hawajawahi kuulizwa. Mmoja aliniambia "inaskani kila kitu." Mwingine akanisomea boksi. Huko Marekani watu walishawapeleka watengenezaji mahakamani kwa jambo hilihili, la mashine kukataa kuskani kwa sababu ya wino, kwa hiyo si mimi peke yangu niliyechanganyikiwa.

Nilijifunza mengi njiani, mengine yakanizidishia hasira. Kwa mfano, kile kilio cha kwii-kwaa printa ya wino inachotoa umeme ukirudi, nilidhani inaamka tu. Kumbe inajisafisha, yaani inavuta wino na kuumwaga. Inaumwaga wapi? Kwenye sponji iliyofichwa chini ya tumbo lake. Sasa hesabu umeme wa mtaani kwetu unakatika na kurudi mara ngapi, ujue njano yangu ilikokwenda. Na hiyo sponji nayo ina hesabu yake ndani ya mashine, hesabu ikijaa printa inajifunga, inakuambia muite fundi. Fundi mmoja aliniambia wapo wanaozitupa zikiwa nzima kabisa, sponji tu ndiyo imejaa.

Halafu zile kurasa zinazotajwa kwenye boksi la katriji. Hupimwa kwa ukurasa ambao kila rangi imefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Hiyo ni barua ya kuomba ruhusa. Taarifa zangu zina majedwali, mistari, vichwa vya jedwali vyenye kivuli cha kijivu, na hicho kijivu nacho mashine nyingi zinakichanganya kutokana na rangi. Nilikuwa nachoma bluu na pinki na njano nikidhani nachapa nyeusi.

Jirani yangu mwenye kituo cha tuisheni akanishauri nichukue ya kujaza kwa chupa. Anachapa mitihani mpaka ukuta unatetemeka na chupa zake hazimlizi. Nilipenda, na nilipenda zaidi nilipojua chanzo chake: Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, mahali ambapo mafundi walikuwa tayari wanatoboa printa za kawaida na kuziunganishia mipira kutoka kwenye chupa za wino pembeni, vilevile kama wa kwetu. Watengenezaji wakaona bora wauze wenyewe. Yaani fundi wa uchochoroni ndiye aliyewafundisha.

Lakini kazi yangu ni ya mawimbi. Kabla ya tarehe 7 ni PAYE, kodi ya mishahara, kabla ya 20 ni VAT, katikati mashine inakaa kimya. Na Desemba napanda Moshi, wiki tatu sigusi kitu. Wino wa maji ukikaa bila kutumika unakauka kwenye vitundu vya kutolea, ukirudi unachapa mistari mistari kama shuka la Kimasai, halafu usafishe tena, na sponji ile ile. Nikasema hapana, nataka printa ya leza. Hiyo haitumii wino wa maji, inatumia tona, na tona ni unga. Unga haukauki.

Aliyeniuzia ni mzee mmoja, duka dogo kama kabati, hatua chache tu kutoka kwa wale wachekaji. Nilipomuuliza swali langu hakujibu. Alifungua mlango wa mashine ya maonyesho, akachomoa tona, akaiweka juu ya gazeti, akanitazama juu ya miwani, akabonyeza kuskani. Ikaskani. Ikalalamika kwenye kioo chake, ikaandika tona haipo, lakini ikaskani! Nilitamani kumkumbatia. Risiti alikata bila kuulizwa, akaniambia: "Mwanangu, tona iliyo humo ndani si kamili, ni ya kuanzia tu. Usije ukanilaumu." Muuzaji anayekuambia ubaya wa mali yake kabla hujalipa, mara ya mwisho ulimwona wapi?

Laki sita na themanini. Mume wangu alinyamaza kwa namna ninayoijua.

Mwezi wa kwanza ningewaambia nunueni wote, uzeni viatu. Inachapa bila kwii-kwaa, herufi zimekatika kama wembe, ukipitisha kidole chenye jasho hazichafuki. Umeme ukikatika na kurudi, inakaa kimya kama mtu mzima. Ile sehemu ya juu inavuta karatasi zenyewe, naweka 20 naenda kukoroga uji.

Sasa yale ambayo mzee hakunieleza. Hii kitu inabandika unga kwa joto, ndani ina roli la moto, na likianza kupata moto linavuta umeme kama pasi. Nilikuwa nimeichomeka kwenye inveta ndogo ya kompyuta. Umeme ulipokatika nikabonyeza kuchapa kwa maringo, inveta ikapiga mlio mmoja, ikazima kila kitu, pamoja na jedwali nililokuwa sijaseivu. Kosa langu, nimekubali. Hata vitabu vya watengenezaji vinakataza kuiweka leza kwenye UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Lakini nani anasoma kitabu? Kwa hiyo giza likiingia, ile printa iliyonikasirisha ingechapa. Hii ya laki sita na themanini inasubiri TANESCO.

Hilo ningemeza. Sikumeza la risiti. Mteja wa saluni ameniletea bahasha ya risiti zilizokwishaanza kufifia, zile ambazo ukizielekeza dirishani unaona kivuli cha namba. Nikaziweka kwenye kioo cha leza mpya. Nyeupe. Nikaongeza giza, nikabadilisha mipangilio, nikaskani kwa rangi, nikaskani kwa kijivu. Nyeupe, na doa la gundi. Kwa kukata tamaa nikainama chini ya meza nikaitoa ile ya zamani, kwa sababu nilikumbuka kwamba risiti za namna hii ilikuwa inazisoma. Skana yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima haki yake. Nikaichomeka, ikaamka, ikalia kwii-kwaa, ikaniandikia njano.

Nilikaa sakafuni kama dakika tano hivi.

Kesho yake nikaenda Kariakoo. Mzee katriji za wino hauzi, alinielekeza kwa mkono kule kule, na aliona haya kunielekeza. Kijana alikuwa palepale, simu ileile. Akanitambua. "Shikamoo mama, leo umekuja na amani?" Nikamwambia njano moja. "48, bila risi..." Nikamtazama. Akakata risiti.

Risiti za saluni zote zimesomeka, namba kwa namba, hata ile ya Januari niliyokuwa nimeshaiandikia tanzia. Kwa hiyo sasa ofisini kwangu kuna mashine mbili, moja ya kuchapa na moja ya kuskani vilivyofifia, na mume wangu bado hajasema kitu. Leza nilikuwa naipa nyota tano. Andikeni tatu na nusu. Ile nyingine sijui niipe nini. Jana nimeiwasha, pinki imebaki robo.