Nilisema shikamoo, nikajibiwa "Umenawa?"

Mdogo wangu wa kiume aliniuliza juzi kama yeye na wenzake waunde kikundi waombe mkopo wa vijana wa halmashauri. Nikamwambia ombeni. Usiku nikampigia simu nikamwambia msiombe. Asubuhi nikamtumia ujumbe: ombeni, ila mwende na maji yenu. Akadhani naumwa. Basi naandika yote hapa asome yeye, na asome mwingine yeyote anayepanga kwenda kukaa kwenye lile benchi.

Halmashauri siitaji. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, chagua unayoitaka, ukikosea shauri yako.

Mwaka wa korona nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule ya binafsi. Machi 2020 shule zikafungwa nchi nzima. Mwalimu wa serikali alikwenda nyumbani na mshahara wake. Sisi hatukuwa na bahati hiyo, kwa sababu mzazi asiyeleta mtoto haleti ada, na mwenye shule asiyepokea ada hamlipi mtu. Mwenye shule wetu alituita akampa kila mmoja kilo kumi za mchele na pole. Mchele uliisha. Pole ninayo mpaka leo.

Tukaona tufanye sabuni. Sabuni kwa mtu wa Kigoma si jambo la kwenda kusomea. Bibi yangu anapika gwanji, ile sabuni ya kienyeji ya mawese, tangu sijazaliwa, na nyumba yake inanuka mawese na kostiki kiasi kwamba ukitoka hapo watu wa kwenye daladala wanajua umetoka wapi. Ila wakati ule gwanji haikuwa na soko, soko lilikuwa la sabuni ya maji. Kila duka, kila msikiti, kila kituo cha basi ndoo ya koki mlangoni, na kila ndoo inataka sabuni pembeni. Mwenzetu mmoja aliwahi kujifunza kuichanganya. Tukajikusanya kumi, maana wakati ule kikundi cha vijana kilitakiwa kiwe na watu kumi: walimu wanne, msusi mmoja, wawili waliokuwa wanabeba mizigo ya boti za Burundi na Kongo ambazo zilikuwa zimeadimika, na wengine ambao kazi zao hata wao hawakuweza kuzieleza vizuri.

Utaratibu wenyewe, nikiueleza kabla hasira haijapanda, ni mzuri. Halmashauri inatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Tangu 2018 jambo hilo limo kwenye sheria, si hisani ya mtu. Na mkopo hauna riba. Rudia hapo: hauna riba. Kwa aliyewahi kuchukua mkopo wa kausha damu akaamka asubuhi anakuta kabati la vyombo limebebwa, hilo neno ni tamu kuliko asali. Ningeishia hapa ningetoa nyota tano.

Siku hiyo nilikwenda na bahasha: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye sahihi kumi, barua ya mtendaji wa kata yenye mhuri, andiko la mradi nililoliandika kwa mkono mara tatu mpaka likawa safi kama andalio la somo siku ya mkaguzi. Na kwenye mkoba chupa ya lita moja na nusu ya sabuni yetu, ya kijani, harufu ya limau, kwa ajili ya kuonyesha. Sikumbuki kama ilikuwa Aprili au Mei. Nakumbuka jua.

Mlangoni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kulikuwa na ndoo ya buluu juu ya kigoda, na karatasi ukutani: NAWA MIKONO KABLA YA KUINGIA. Nikafungua koki. Ikatoa pumzi. Nikainua mfuniko, ndani mna jani la mwembe na buibui. Nikaingia hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimepanda mlima kwa miguu na nilikuwa nataka kukaa.

Ndani alikuwepo mama mmoja, umri wa mama yangu, barakoa imekaa kidevuni, anakula karanga.

"Shikamoo mama."

"Umenawa?"

Sasa nisikilizeni. Mimi nimelelewa na bibi. Kwetu mtu mzima akiamkiwa anaitikia hata kama ana ugomvi na wewe, hata kama unamdai, hata akiwa kitandani anaumwa ataitikia kwa kichwa. Nimeshamwamkia mlevi amelala mtaroni akaniambia marahaba mwanangu. Huyu alikuwa mzima, ameshiba karanga, na shikamoo yangu aliiacha inaning'inia hewani kama nguo iliyosahaulika kambani.

Nikasema, "Ndoo haina maji, mama."

"Kanawe."

"Hakuna maji ndani yake, nimefungua koki..."

"Binti, mimi siwezi kufa kwa ajili ya barua yako. Kanawe."

Nikatoka. Mlinzi akaniambia maji yamekatika tangu jana, hata yeye chai amekunywa kwa jirani. Nimesimama pale kwenye baraza, na kutoka pale ziwa lote unaliona. Tanganyika! Ziwa la pili kwa kina duniani! Na miaka ile lilikuwa limepanda, limeingia kwenye nyumba za watu mwaloni, watu wanahamisha magodoro kwa mitumbwi. Maji yamejaa mpaka yanafukuza watu, na mimi nakosa kikombe cha kunawia mikono ili nipokelewe barua.

Akapita kijana na baiskeli ya madumu. Nikanunua madumu mawili kwa hela yangu ya nauli, nikayamimina kwenye ndoo ya serikali, nikatoa chupa yangu ya maonyesho, nikanawa. Povu lilikuja zuri, niseme ukweli. Nikageuka kuingia nikakuta nyuma yangu pameota foleni, maana waliokuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi walikuwa wamefukuzwa kwa neno hilohilo. Wakanawa wote. Kwa sabuni yangu. Mzee mmoja wa kanzu aliniombea dua ndefu na mikono yake ina povu. Ningemnyima vipi? Chupa ikarudi mkobani tupu.

Nikaingia mara ya pili. Akanusa hewa, akapokea bahasha, akafungua kurasa taratibu, kidole kina mafuta ya karanga kwenye andiko langu. Kisha akasema, na hapa naapa sipunguzi wala siongezi neno: "Hiyo sabuni mnayosema mnatengeneza iko wapi? Lazima tuone sampuli."

Nikamwambia imeishia kwenye ndoo yako.

"Basi njoo nayo Jumatatu."

Nilipokuwa nashuka ngazi niligeuka. Alikuwa ametoka, amesimama kwenye ndoo, ananawa, anasugua mpaka viwiko.

Nyota moja. Naandika hivi ni miaka mingi imepita na mkono unatetemeka.

Jumatatu ile ilizaa Jumatatu nyingine. Mara sahihi ya mweka hazina haifanani na ya kwenye katiba. Mara mtandao uko chini. Mara yeye mwenyewe yuko kijijini anatoa elimu ya korona. Sitayasimulia yote, ni yaleyale, kila aliyewahi kufuata mhuri anayajua.

Fedha ziliingia lini? Ziliingia shule zikiwa zimeshafunguliwa. Mwisho wa Juni 2020 watoto walirudi madarasani, Rais alikuwa ameshasema korona Mungu ameiondoa, na ndoo zikaanza kukauka moja baada ya nyingine mji mzima. Yule mwenye duka aliyekuwa ananipigia simu mara mbili kwa siku kuulizia sabuni aliniambia, dada, sasa hivi nipe tu gwanji. Tuliomba milioni saba, tukapewa tatu, kwa biashara ambayo ilikuwa imezikwa wiki kadhaa nyuma. Mkopo wa kusaidia vijana wakati wa janga ulifika kwenye matanga, watu wanakunja maturubai.

Walimu wawili wakarudi kazini. Mimi sikurudi. Tukahamia kwenye dagaa: kununua mwaloni, kuanika kwenye chanja, kufunga magunia, kupakia treni. Dagaa wa Kigoma hawahitaji nikusifie. Ila wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inalala na wewe unalala na njaa yako. Rejesho halijui mwezi. Kila tarehe yake ikifika simu inalia alfajiri, yule mama: "Mwalimu, rejesho." Hakuna habari za asubuhi, hakuna umeamkaje. Mwalimu, rejesho. Na mimi, mjinga, kila mara naanza na shikamoo. Hajawahi kuipokea hata moja.

Lakini nisiseme uongo mbele ya Mungu. Mwezi wa nne au wa tano wa marejesho, mwenzetu mmoja alikimbilia Mpanda na laki mbili na nusu za kikundi. Tulidhani tumekwisha. Nani alikwenda kwao? Yule mama. Alipanda bodaboda na mvua ile, akakaa kwenye mkeka na baba wa kijana mpaka magharibi, na nusu ya hela ikarudi. Hakudai nauli. Hakututangaza. Bahasha ilipofika mkononi mwangu ilikuwa na hesabu imeandikwa nyuma kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Na bila zile milioni tatu, zilizochelewa, pungufu, zilizotoka kwa yule mama, mimi leo nisingekuwa na chanja sita, na nyumba ya mama ingekuwa bado inavuja. Riba sikulipa hata shilingi. Hiyo ni kweli na nitaisema hata mbele yake.

Nyota nne, basi.

Tatu. Nimekumbuka karanga.

Maana marahaba inagharimu nini? Haitoki kwenye asilimia kumi. Haihitaji kikao cha madiwani. Mwaka 2021 zilikuja fedha za UVIKO, yaani korona, trilioni 1.3, yakajengwa madarasa elfu kumi na tano, na mdogo wangu huyuhuyu anayeuliza mkopo alimalizia sekondari kwenye moja la hayo, zuri, lina vioo. Serikali ikitaka jambo inaliweza, nimeliona kwa macho. Ila hilo la kumtazama mtu usoni ukamwitikia, sijui huwa linawekwa kwenye bajeti gani.

Mikopo ilisimamishwa 2023 baada ya ripoti za ukaguzi kueleza fedha zilivyokuwa zinapotea, ikarudi 2024. Halmashauri kumi zikawekwa kwenye majaribio ya kutoa mkopo kupitia benki, Kigoma Ujiji ikiwemo. Pengine benki ni nafuu. Benki angalau huwa na maji.

Siku ya rejesho la mwisho nilikwenda mwenyewe na risiti, ingawa hawakunihitaji, ningeweza kuituma kwa simu. Nilitaka anione. Nilivaa kitenge kipya, kama mtu anayekwenda harusini. Ndoo ya buluu ilikuwa palepale kwenye kigoda, koki imeng'olewa, ndani yake mmeota mchaichai, na mlinzi akaniambia wa chai ni huo, chuma mwanangu. Nikachuma majani mawili.

Yule mama amehamishwa. Kwenye meza yake amekaa kijana, umri wetu nadhani ni mmoja, au amenizidi mwaka. Akanyanyuka kwenye kiti.

"Shikamoo mama."

Yaani mimi! Nina miaka thelathini haijatimia! Jua la kwenye chanja limenifanya nini? Nilitaka kumuuliza amri yake ya kunizeesha kaitoa wapi. Nikajikuta nimeshasema marahaba, na nimeisema ndefu, maraahaba mwanangu, kama ya bibi.

Akagonga mhuri. Kikundi hakidaiwi. Marahaba za yule mama bado nazidai, tena zimefika kama ishirini na tatu, ukihesabu na za simu.