Chombo cha kuotea moto uwani: vitatu nilivyopitia Njombe, na kimoja nilichobaki nacho

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, hapa Njombe jua likishazama hakuna anayekaa nje bila sababu. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba joto kushuka chini ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Nyuma yake kuna uwanja mdogo niliotandika pevingi, nikaweka benchi mbili za mbao na viti sita. Wageni wengi wanatoka Dar, wanashuka kwenye basi wamevaa fulana, na wakishahakikisha kuwa maji ya kuoga ni ya moto, wanauliza kama kuna mahali pa kuota moto. Mama yangu naye ninakaa naye. Ana miaka 78, na moto wa kuota peke yake chumbani hautaki. Anataka moto wa nje, wenye watu na maneno.

Kwa miaka mitatu nimetumia vyombo vitatu, na vyote nimevitazama kwa kitu kimoja: miguu ya mama inapata joto au haipati?

Cha kwanza nilikinunua dukani Dar kwa shilingi 95,000. Kilikuwa bakuli jeusi la kupendeza, miguu mitatu ya kufunga kwa skrubu, na wavu wa kuzuia cheche juu yake. Bati lake halikufika hata milimita moja. Usiku wa kwanza rangi ilinuka mpaka watu wakahama upande. Kitako hakikuwa na tundu lolote, kwa hiyo kuni zilifukuta tu, hazikuwaka, na moshi ukazunguka ukimtafuta kila mtu kwa zamu. Baada ya wiki tatu kitako kikabonyea. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja kikabaki nje na majivu ndani, na majivu yakilowa yanakula chuma kuliko maji peke yake. Mwezi wa tatu nilikiinamisha nikisafishe, nikabonyeza kidole katikati ya kitako, kidole kikatokea upande wa pili. Hapakuwa na ufa wala mlio. Bati lilikuwa limegeuka kama biskuti iliyoloa chai.

Ukiwa dukani, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama debe tupu, kiache hapo hapo hata kama kinang'aa.

Cha pili alikuja nacho mdogo wangu aliyetoka Marekani, kile cha mviringo chenye kuta mbili cha chuma kisichoshika kutu. Kwa kazi ya ufundi, nakiheshimu sana. Hewa inaingia kwenye matundu ya chini, inapanda katikati ya kuta mbili huku ikipata moto, halafu inatokea kwenye matundu madogo ya ukingo wa juu. Pale inakutana na moshi unaopanda, na moshi wenyewe unashika moto. Ukikitazama gizani unaona pete ya ndimi ndogo za moto, kama jiko la gesi lililowashwa. Moshi karibu hakuna, macho hayawashi, na nguo asubuhi hazinuki.

Lakini joto lake linakwenda juu. Ukuta wa ndani umejitenga na wa nje, kwa hiyo ubavu wa chombo hautoi joto kama chuma cha ukuta mmoja. Ukinyoosha mikono juu yake unaungua, ukishusha magoti unapata baridi. Mama alikaa mbele yake nusu saa, shuka mapajani, halafu akaniuliza: "Mwanangu, huu moto unampasha nani? Miguu yangu ni ile ile." Nilimshika vidole vya miguu. Vilikuwa baridi kama mchanga wa alfajiri. Tena kinataka kuni fupi, zilizokatwa sawasawa. Ukizipanga mpaka zikapita yale matundu ya juu, moshi unarudi. Anayeishi mahali penye joto na anayetaka moto wa kutazama atakifurahia. Mimi nimekihamishia karibu na meza ya chakula, na hapo kinafaa.

Cha tatu nilimwagiza fundi wa kuchomelea hapa hapa mjini. Kwanza alitaka kunitengenezea kwa pipa alilokuwa nalo, lililowahi kubeba kemikali. Nilikataa. Halafu akaonyesha bati lililopakwa zinki, akisema halishiki kutu. Nikakataa tena, maana zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya kwa kifua, na hapo wanakaa watoto wa watu. Tukakubaliana shiti ya chuma tupu ya milimita 4. Kipenyo sentimita 75, kimo 30, miguu ya sentimita 20 kutoka chini, matundu kumi na mawili kuzunguka ubavu karibu na kitako, na ndani wavu wa nondo ulioinuliwa kidogo ili kuni zisilalie majivu. Siku tatu, shilingi 210,000.

"Mama, hiki hakiishi leo wala kesho," aliniambia akizima grenda. "Ila kukibeba, huwezi."

"Fundi, sitaki cha kubeba. Nataka cha kukaa."

Kina uzito wa karibu kilo 40 na watu wawili wanakihamisha kwa kupumzika njiani. Usiku wa kwanza nilikiwasha tupu, bila watu, mafuta ya kiwandani yaungue yaishe. Usiku wa pili nikamweka mama pale pale alipokaa mwaka uliotangulia. Mwanzo alivuta kiti mbele, kama kawaida yake. Baada ya dakika ishirini ubavu wa chuma ulikuwa umeshika joto, na nikamwona anajiinua kidogo, anashika mikono ya kiti, anakisogeza nyuma. Halafu akavua soksi. Kwa miaka mitatu sikuwahi kumwona akirudi nyuma ya moto. Saa nne usiku zilibaki kaa nyekundu tu, lakini chuma kiliendelea kutoa joto, na wageni wawili kutoka Mbeya walikuwa bado wanachoma mahindi.

Kasoro zake ninazijua. Dakika kumi za mwanzo kinatoa moshi mpaka kikolee. Kimeshika rangi ya kutu, na anayetaka urembo hatakipenda. Na kitako chake, hata kikiwa juu ya miguu, kinashusha joto kwenye sakafu. Wiki ya pili, siku iliyofuata manyunyu, kitofali kimoja cha pevingi kililia pa! na kipande cha ukubwa wa sarafu kikaruka mpaka chini ya benchi. Maji yaliyonywewa na saruji yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, unapasua. Aliyekaa pale alikuwa amesimama kufuata chai, namshukuru Mungu kwa hilo. Sasa nimetandika mchanga na juu yake matofali ya kuchoma, na chombo kinakaa hapo. Kwa sababu hiyo hiyo usizungushie mawe ya mtoni. Pia nimekiweka hatua nane kutoka kwenye paa, na kwenye banda la nyasi nisingekisogeza kabisa.

Chombo kizuri chenye kuni mbaya ni hasara tupu, na hapa Njombe tumebarikiwa miwati. Mti huu uliletwa kwa ajili ya magome yake, yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza hapa mwaka 1949 kwa kazi hiyo. Kuni yake ni nzito, inawaka polepole na kuacha kaa gumu linalokaa. Mlingoti, yaani mkaratusi, nao ni mzuri, ila upasue ukiwa mbichi, maana ukikauka mzima shoka linadunda. Mabanzi ya misindano kutoka kwenye mashine za mbao ni rahisi kwa bei na yanafaa kuwashia, si zaidi ya hapo. Yana utomvu, yanarusha cheche, na mgeni mmoja alitobolewa shuka lake zuri la kimasai mbele yangu. Nililipa. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani, usichome hata kipande. Dawa ya namna ile huwa na aseniki, ambayo ni sumu, ndani yake.

Kuni zangu napasua mwezi wa tano na kuzipanga chini ya paa, upande unaopitisha upepo, kwa ajili ya baridi ya mwaka unaofuata. Kujua kama zimekauka, gonga vipande viwili: kavu zinalia ko, mbichi zinatoa sauti ya bubu na mkono unausikia uzito.

Jambo moja nalisema kwa nguvu zote. Mgeni aliniomba usiku nimpelekee makaa chumbani kwenye karai, kwa kuwa pale uwanjani yalikuwa yamebaki mengi na mazuri. Nilimkatalia, nikampa blanketi la pili na chupa ya maji ya moto. Makaa yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika nchi hizi za baridi familia zimelala nayo zisiamke. Moto wa nje ubaki nje, hata ukiwa kaa tatu.

Ukitaka chako, usisubiri mwezi wa sita, wakati huo mafundi wana foleni. Agiza mwezi wa nne. Mwombe akutengenezee na mfuniko wa bati wa kuzuia mvua, na akutoboe tundu la maji katikati ya kitako, la upana wa kidole. Mimi nililisahau, ikabidi fundi aje na drili yake mpaka nyumbani, kwa shilingi 10,000 zaidi.