Sakafu ya mbao ya mparuzo: angalia vichwa kabla ya rangi

Masika yakiisha, mafundi wa Mwanza hupigiwa simu za aina moja. Sakafu ya mbao ngumu iliyolazwa Julai, uso umeparwa ukaparika, sasa imeota mistari myeusi. Katikati ya ubao hakuna kitu. Weusi uko kwenye vichwa, pale ncha ya ubao mmoja inapokutana na ncha ya mwenzake. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuzaji, muuzaji anasema mmepiga deki kwa maji mengi. Kosa lenyewe lilishafanyika dukani, siku ya kununua.

Rangi na ugumu kila muuzaji atakueleza hadi uchoke, kwa hiyo nayaacha. Hapa nashughulika na mfereji unaobaki kwenye maungio ya mbao.

Mbao za mparuzo, ziwe za kuparwa kwa randa ya mkono au za kusuguliwa kwa brashi ya waya, nyingi hukatwa kona za juu pande zote nne. Ndiyo njia ya kuficha tofauti ya kimo kati ya ubao na ubao, maana uso hauko sawa tangu mwanzo. Zikishalazwa, kila ungio linabaki na kijifereji. Kwenye ubavu hakina madhara makubwa. Kwenye kichwa ni balaa, kwa sababu mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini imekatwa hapo na kuachwa wazi, na kichwa cha ubao hunywa maji haraka kuliko ubavu mara nyingi. Baadhi ya viwanda hupaka rangi ubao mrefu kwanza, kisha ndipo hukata vichwa. Kile kipande cha kona kilichokatwa mwisho hakijaona hata tone la vanishi.

Sasa ongeza maisha ya huku. Dekio linachovywa kwenye ndoo, linakamuliwa nusu, maji yanakimbilia mferejini. Usiku, nyumba za Bwiru na Capri Point zikiwasha taa, wadudu wa ziwani wanaingia kwa maelfu na kufia humo humo. Mchanga wetu unatokana na mawe haya haya ya matale, una chembe ngumu kuliko vanishi ya kawaida, nao ukikaa mferejini unasaga kona kila mtu anapopita. Uchafu, maji, kona isiyo na rangi: weusi lazima uje.

Kipimo cha dukani ni hiki. Usikubali sampuli ya ukutani, hiyo imepakwa pande zote kwa ajili yako. Fungua boksi, toa mbao mbili, ziunganishe kichwa kwa kichwa, weka rula juu ya ungio. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Mfereji wa kina cha kadi moja unavumilika. Ukiingiza kadi mbili zilizobebana zikapita chini ya rula, hilo ni jalala, achana nalo. Kisha chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja kwenye kona ya kichwa, subiri dakika 10. Tone likibaki limesimama kama shanga, kichwa kimepakwa. Likizama na kuacha doa la giza, kichwa kiko uchi. Muuzaji akigoma usifanye hivyo, umeshapata jibu.

Kwa mpangilio wa mbao ninazopendekeza, naanza na mninga ulioparwa kwa mkono, mbao nzima ya milimita 20, bila rangi, umaliziwe kwa mafuta nyumbani. Sifichi upendeleo. Mninga hupungua na kutanuka kidogo sana, ndiyo maana maseremala wanaupenda kwa milango, na sakafu inayopitia kiangazi cha Julai na mvua za Aprili inahitaji hasa tabia hiyo. Usiuombe wa brashi. Brashi ya waya hufanya kazi kwa kung'oa sehemu laini ya mbao na kuacha ngumu. Mninga hauna tofauti kubwa ya hizo mbili, unaishia kuwa na manyoya tu. Uparwe, na kona zake zilazwe kwa msasa namba 120, mipigo miwili tu. Dai hati ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya kusafirishia pamoja na risiti, na umwambie seremala akwangue ndani ya ubao mmoja, maana kuna mbao hafifu zinazopakwa rangi ya mninga.

Mafuta yenyewe: Osmo Polyx-Oil, na sibadilishi hata fundi akiapa kuwa vanishi yake ni ile ile. Vanishi hukaa juu kama ngozi. Kwenye uso wa mparuzo inachakaa kwenye vilele kwanza, na kuirekebisha inabidi upige msasa sakafu nzima, yaani uufute mparuzo ulioulipia. Mafuta yanaingia ndani. Sehemu ikichakaa unasafisha na kupaka hapo hapo. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 24 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwenye uso laini. Mparuzo hunywa zaidi, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 5 kitahitaji kopo la lita 2.5 kwa mikono miwili. Paka jembamba, acha usiku mzima, rudia. Matambara yaliyolowa mafuta yatumbukize kwenye ndoo ya maji, usiyakunje ukayatupa kwenye pipa. Hushika moto yenyewe.

Wa pili ni mtiki wa brashi. Huu unaikubali brashi vizuri na una mafuta yake ya asili. Hayo hayo mafuta huchelewesha kukauka kwa unachopaka, kwa hiyo futa kwanza kwa spiriti.

Baada yake naweka mbao za tabaka, playiwudi chini na mwaloni juu. Ni tulivu na huja tayari, ila ndizo zenye kesi nyingi za vichwa vyeusi. Mwaloni una tanini. Ikikutana na maji na chuma inageuka wino. Kwa hiyo uliza brashi ilikuwa ya chuma au ya nailoni, kwani vumbi la chuma lililobaki kwenye nyufa hutoa vidoa vyeusi siku ya kwanza ya deki. Tabaka la juu lisipungue milimita 4.

Mkongo ni mgumu kweli, lakini nyuzi zake zinapishana, randa ya mkono inazing'oa. Tena ukilowa hutoa rangi ya njano. Dekio litakuonyesha, na skatingi nyeupe pia.

Laminati na vinaili vya kubofya vyenye picha ya mbao: kwa nyumba ya kupangisha sawa. Mparuzo wake umechapwa, na ukikwanguka umekwisha.

Ukikuta umeshanunua zenye vichwa uchi, bado kuna dawa. Kabla ya kulaza, simamisha mbao, paka mafuta vichwani kwa brashi ndogo, futa ziada baada ya dakika 15, rudia kesho yake. Wakati huo huo zipime kwa mita ya unyevu. Zisizidi asilimia 12. Pima na jamvi, yaani zege la chini ya sakafu: bandika kipande cha nailoni cha sentimita 60 kwa 60, ziba pande zote kwa utepe wa gundi, acha saa 24. Kwa nyumba za mlimani, Isamilo au Bugando, pima kona ya upande wa juu, maana maji ya mvua huteleza juu ya mwamba na kuingia chini ya jamvi kutoka huko. Nailoni ikitoa jasho kwa ndani, usilaze. Pembezoni acha milimita 12 za kupumulia, na mbao zielekee mlangoni ili ufagio ufuate mfereji badala ya kuukata.

Limebaki la maboksi, na hili linaudhi. Ubao wa milimita 150 kwa 1,200, vipande 8, ni mita za mraba 1.44. Wauzaji kadhaa hupima na ulimi wake, ule unaojificha ndani ya mwenzake, wanaandika 1.53. Chumba cha mita za mraba 20 pamoja na asilimia 10 ya vipande vya kukata ni mita za mraba 22. Kwa hesabu yao maboksi 15 yanatosha. Kwa ukweli ni 16. Ukirudi kuchukua moja lililopungua unaambiwa mzigo ule umeisha, uliopo ni wa kontena jipya, na rangi yake ukiiweka kando ya ile ya kwanza unaiona tangu mlangoni. Halafu "mtindo wa mparuzo" unatozwa juu ya bei ya ubao, wakati vichwa, ambavyo mkono mmoja wa mafuta ungevitosha kiwandani, vimeachwa hivyo hivyo.